Maskani Isiyo na Maji: Namna Uwanda wa Makonde Ulivyochaguliwa

Mwaka 1906 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alitoka Lindi akaenda mpaka Masasi, kisha akaupanda uwanda wa Makonde na kukaa Newala na Mahuta, akiuliza na kuandika mambo ya wenyeji. Na katika yote aliyoyaandika, mimi sijaona lenye thamani kuliko hadithi fupi aliyosimuliwa juu ya asili ya Wamakonde. Hapo kale, yasema hadithi hiyo, kabla hakujawa na watu, alitoka porini kiumbe aliyefanana na mtu lakini hajatimia utu, asiyeoga wala kunyoa, mlaji haba na mnywaji haba. Akatwaa kipande cha mti, akachonga sura ya mwanadamu na kuisimamisha wima penye maskani yake. Usiku ule sanamu ikapata uhai, na kulipokucha alikuwa mwanamke. Wakashuka wawili hao mpaka mto Ruvuma, na huko mke akazaa mtoto maiti. Wakahama wakatafuta mahali palipoinuka kuliko pale, katika bonde la Mbemkuru. Akazaa tena, na wa pili naye akatoka hana roho. Ndipo waliporejea juu kabisa, katika nchi ya vichaka ya Mahuta, na huko mtoto wa tatu akazaliwa hai, akakua, akafuatwa na wengine wengi. Tangu siku hiyo mzee yule wa kwanza akawausia wanawe wasijenge mabondeni penye maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko yakaako maradhi na mauti.

Watu wengi huikumbuka hadithi hii kwa ajili ya ile sanamu, na ni haki yao, maana Wamakonde wamejulikana ulimwenguni kote kwa uchongaji. Lakini aliye na watoto na anayetafuta mahali pa kujenga ataisikia kwa sikio jingine. Ataona kwamba hii ni habari ya mume na mke waliojaribu mahali patatu, wakazika mara mbili, wakakaa pale ambapo mtoto aliishi. Hawakuuliza kama udongo una rutuba, wala kama njia ya biashara iko karibu, wala kama maji yanapatikana. Waliuliza neno moja tu, nalo ni kama mtoto ataishi. Masuala mengine yote waliyaacha yaje nyuma, na gharama ya kuyaacha nyuma, kama tutakavyoona, ilikuwa kubwa mno, wala haikulipwa na wote kwa sawa.

Nchi yenyewe huinuka polepole kutoka upande wa pwani ya Mikindani na Lindi, ikipanda kuelekea magharibi mpaka kufikia kimo cha mita 900 hivi penye Newala, na hapo hukatika ghafula. Asimamaye ukingoni, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huona chini yake bonde pana la Ruvuma na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji ikififia katika ukungu. Upande wa kaskazini uwanda hutazamana na bonde la Lukuledi, na upande wa magharibi huteremka mpaka nchi ya Masasi, nchi ya tambarare iliyosimamishwa vilima vya mawe matupu kama watu waliosimama shambani. Mahali paitwapo Chiungutwa pamo katika wilaya ya Masasi, upande huo ambao mtu akitazama mbele huona tambarare na akigeuka nyuma huona uwanda, na kwa hiyo mkaaji wa huko ana haki ya kuzisema pande zote mbili, ya wale waliokimbilia juu na ya wale waliothubutu kukaa chini. Juu ya uwanda ardhi ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua kama kitambaa kikavu. Mvua haikosi, walakini maji hayakai. Huzama mpaka chini kabisa na kutokeza katika chemchemi zilizo miguuni mwa mteremko. Mtu aweza kutembea juu kutwa nzima asikute kijito kimoja.

Kwa nini basi watu wazima wenye akili zao wachague kuishi mahali kama hapo? Kwanza ni siha. Mbu wa mabondeni na homa zake havihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyelala karibu na Ruvuma wakati wa masika, na wazee, wasiokuwa na hadubini ya kuonyesha vijidudu, walikuwa na makaburi ya watoto kuwaonyesha jambo lile lile. Pili ni uadui. Katika karne ya 19 nchi hii yote ilikuwa uwanja wa misafara ya watumwa iliyoteremka kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani, na kila aliyejenga kandokando ya njia au ya mto alijenga penye macho ya mnunuzi wa watu. David Livingstone, aliyeshuka Mikindani mwaka 1866 na kuufuata mkondo wa Ruvuma kwenda bara, alikuta huko vijiji vitupu na njaa, na maiti za waliofungwa kongwa zimeachwa njiani. Baadaye wakaja Wangoni wa Songea, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara au Mafiti, nao hawakuja kununua. Walikuja kuteka, kuchoma na kuondoka.

Dhidi ya adui wa namna hiyo ukuta wa mawe haukuwapo, lakini kilikuwapo kichaka, nacho kilikuwa kigumu kupenya kuliko ukuta. Hapa nataka kukawia kidogo, kwa sababu watu hudhani kichaka cha uwanda wa Makonde ni maumbile tu, ilhali Weule mwenyewe aling'amua kwamba ni kazi ya jembe na moto. Mkulima alikata miti mikubwa, akaichoma, akalima misimu michache, akahamia mahali pengine. Na pale alipopaacha hapakuota tena msitu wa kwanza, ila kichaka cha matawi yaliyosukana na miiba, ambamo mtu hawezi kupenya pasipo panga. Hivyo vizazi vya wakulima, kwa kuhamahama kwao, vilijipandia ngome bila kujua kwamba vinapanda ngome. Ndani yake zilipitishwa njia nyembamba zenye kupindapinda, na mwisho wa njia, penye uwazi, palikuwa na nyumba chache za watu wa ukoo mmoja, litawa, chini ya mkubwa wao, mkulungwa. Mgeni aliweza kupita karibu na mji asijue kwamba upo. Wamijikenda wa pwani ya Kenya waliufikia uamuzi huo huo kwa njia yao, wakajificha katika kaya zao zilizozungukwa na misitu juu ya vilima, na kaya hizo mwaka 2008 ziliingizwa katika urithi wa dunia. Vichaka vya Makonde havikupata heshima hiyo, ingawa, kwa fikira yangu, vilistahili kukumbukwa zaidi ya vilivyokumbukwa.

Sasa tuje kwenye gharama. Nyumba ilikuwa juu, na maji yalikuwa chini, na aliyeteremka kuyafuata alikuwa mwanamke. Weule aliwaona akina mama wa Newala wakipanda na mitungi vichwani kwa njia ya ukingoni ambayo yeye, mtu mzima mwenye viatu, aliiona ngumu hata mikono ikiwa mitupu. Safari ilianza kabla ya alfajiri na kwa wengine ilikula sehemu kubwa ya siku. Na mwisho wa safari hiyo ulikuwa mtungi mmoja, ambao ndani yake yamo maji ya kupikia, ya kunywa, ya kumwosha mtoto mchanga na, ikiwa yamebaki, ya kunawa. Binti alijifunza kubeba mtungi mdogo kabla hajajifunza kazi nyingine yoyote. Na tusisahau kwamba chemchemi ile ilikuwa bondeni, pale pale ambapo babu wa kwanza aliusia watu wasikae, na pale pale ambapo mtekaji angeweza kuvizia. Maana yake ni kwamba kila siku ya Mungu wake na mabinti walitoka katika usalama uliochaguliwa kwa ajili ya aila nzima, wakaingia katika hatari ile ile iliyokimbiwa, ili usalama wa wengine udumu. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na hadithi yao yamtaja mwanamke aliyezaa mara tatu. Hata hivyo mzigo wa uchaguzi ule uliwekwa juu ya kichwa chake. Sisemi haya ili kuwalaumu wazee, waliokuwa na khiari mbili tu na zote chungu. Nayasema kwa sababu wanaosifu hekima ya kukaa juu aghalabu huishia kwenye sifa, hawafiki kwenye chemchemi.

Wapo waliochagua kinyume, na habari yao iko Masasi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, katika enzi ya Sayyid Barghash, na penye soko lile, Mkunazini, wamisionari wa Kiingereza wa UMCA wakaanza kujenga kanisa lao. Waliokombolewa walikuwa wengi, na wengi wao walitoka nchi za Wayao na Wanyasa. Basi mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili, akatoka Lindi na watu zaidi ya hamsini waliokuwa huru, kwa nia ya kuwarudisha kwao karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaiona ardhi nzuri, maji yapo, vilima vinatoa kivuli na alama ya kutambulika kutoka mbali, wakasema hapa panatosha. Nawaelewa. Watu waliowahi kuuzwa sokoni walitaka mahali peupe, penye shamba na mto na kengele ya kanisa, mahali ambapo hawatajificha tena. Wakajenga kijiji katika tambarare, kikasitawi kwa miaka sita.

Mwezi Septemba 1882 Magwangwara wakaja. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na walioponea walijificha katika mawe ya vilima vile vile vilivyowavutia kukaa. Padre Chauncy Maples, aliyekuwa mkubwa wa misheni, hakujenga tena pale pale. Aliihamishia kazi Newala, juu ya uwanda, katika himaya ya sultani wa Kiyao, Matola, mtu mwenye busara ambaye watu wa makabila mengi walikimbilia kwake. Hivyo watu waliochagua tambarare kwa maji yake wakajikuta nao wamefuata ule wosia wa kale wa Mahuta, na wake zao wakajifunza njia ya chemchemi. Misheni ilirudi Masasi baada ya miaka kadhaa, ikachomwa tena katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa tena, na mwaka 1926 Masasi ikawa makao ya dayosisi yenye askofu wake, William Vincent Lucas. Mji ulioungua mara mbili ukasimama mara tatu. Lakini kusimama kule kwa tatu kulitokana na amani ya nchi, wala hakukutokana na ubora wa mahali.

Yafaa kumtaja pia Machemba, Myao mwingine, aliyekaa Luagala katikati ya vichaka vya uwanda. Wajerumani walipomtaka aende pwani kutii, alijibu mwaka 1890 kwa barua ya Kiswahili iliyomkatalia Wissmann, mkuu wao, wazi na kwa adabu, na barua hiyo husomwa hata leo na wanafunzi wa historia. Aliweza kuandika vile kwa sababu alijua mahali alipokaa. Majeshi yalimwendea zaidi ya mara moja, na kichaka kikamsitiri, mpaka mwaka 1899 aliposhindwa na kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Sijui mfano mwingine katika pande zetu unaoonyesha bayana namna hiyo kwamba uchaguzi wa makazi ulikuwa pia uchaguzi wa uhuru.

Ilipokuja amani ya bunduki ya Wajerumani, ikafuatiwa na kodi ya nyumba na baadaye na utawala wa Waingereza, sababu ya kujificha ilipungua mwaka hata mwaka. Walakini watu hawakushuka. Hii ndiyo ajabu ya makazi: hofu ikiisha, mashamba yamekwisha limwa, makaburi yapo, watoto wametiwa jando na unyago mahali pale, na mikorosho, iliyoenea sana katika karne ya 20, imeshika mizizi katika mchanga ule ule usioshika maji. Uwanda ukawa miongoni mwa sehemu za kusini zenye watu wengi, na mtungi ukaendelea kuteremka na kupanda. Ni katika miaka ya 1950 tu ndipo lilipoanzishwa shirika la maji la Makonde, na mitambo ikaanza kuyasukuma maji kutoka bonde la Kitangari mpaka juu, yakauzwa kwa debe katika vituo. Wapo waliolalamika kwamba maji ni kipawa cha Mwenyezi Mungu, hayauziki. Mimi naona kwamba maji ya uwanda hayakuwa ya bure hata siku moja. Yalikuwa na bei tangu zamani, ila bei ile haikuandikwa katika daftari lolote kwa kuwa haikulipwa kwa fedha.

Baada ya uhuru swali la mahali pa kukaa lilijibiwa na serikali. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na muda uliowekwa ulikuwa mpaka mwisho wa 1976; lakini mkoa wa Mtwara ulikuwa umetangulia, kwa sababu ng'ambo ya Ruvuma palikuwa na vita vya ukombozi, mabomu ya Wareno yalikuwa yakivuka mpaka, na familia zilizotawanyika porini zilikuwa hatarini. Kwa hiyo mantiki ya wahenga ikageuzwa juu chini: waliosalimika kwa kutawanyika na kufichika wakaambiwa kwamba usalama ni kukusanyika na kuonekana, nyumba zikapangwa kwa safu kandokando ya barabara. Shule ikawa karibu, zahanati ikawa karibu, na hiyo ni neema ambayo hakuna mzazi anayeweza kuikana. Lakini mikorosho ilibaki kule kule ilikopandwa. Mavuno ya korosho ya nchi nzima, yaliyofika tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, miaka kumi na michache baadaye yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Bei duni na ugonjwa wa ubwiriunga vina sehemu yao katika anguko hilo, lakini mkulima aliyepaswa kutembea saa kadhaa kwenda kupalilia chini ya miti yake alijua sehemu ya kuhama.

Leo anayetaka makazi Masasi mjini, Newala au Chiungutwa hununua. Jambo hili ni geni kuliko vijana wanavyodhani. Hapo awali ardhi iligawiwa na mkulungwa kwa mtu wa ukoo au kwa mgeni aliyekaribishwa, na kilichouzwa, kama kimeuzwa, kilikuwa mti: mtu alinunua mikorosho kumi, wala hakujidai kuwa amenunua mchanga ulio chini yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na mwenye busara hamalizi mapatano bila mtendaji, bila majirani wa pande zote nne kushuhudia mipaka, na bila kuuliza mikorosho iliyomo ni ya nani. Kisha huja masuala ya siku hizi: barabara i wapi, shule i wapi, hospitali ni mwendo gani, usiku pana taa. Na juu ya uwanda huulizwa jambo moja ambalo mgeni hulistaajabia, kama nyumba ina kisima. Si kisima cha kuchimbuliwa maji ya chini, bali shimo lililosakafiwa kwa saruji ambamo mvua ya bati huteremka na kuhifadhiwa mpaka kiangazi. Fedha za korosho katika miaka mizuri zimejenga visima vingi vya namna hiyo. Kwangu mimi hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote vilivyojengwa juu ya uwanda, kizuri kuliko nguzo za baraza na rangi ya kuta, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu ule uzao wa tatu wa Mahuta nyumba inaweza kuwa juu, na maji yakawa juu pamoja nayo.

Akina mama waliochukua maji ya mabondeni kwa vichwa vyao katika usichana wao wangalipo, Newala, Kitangari, Chiungutwa na kwingineko, lakini wamekuwa wachache na hawasubiri. Ewe msomaji mwenye bibi wa umri huo, nakusihi uende ukakae naye jamvini. Umwamkie kwa adabu, umwulize chemchemi yao iliitwaje, njia yake ilipita kwa nani, waliondoka saa ngapi, walikwenda wangapi, na nani alibaki na watoto. Kisha uyaandike majina hayo yote, maana katika vitabu vya wasafiri na wamisionari nilivyovisoma mimi, chemchemi hazikuandikwa kwa majina waliyozipa wao.